Tuisheni ilinisaidia wapi kwenye kalkulasi ya fomu siksi, na wapi haikunisaidia

Naandika hii kwa ajili ya wadogo zangu wa PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), PGM (Fizikia, Jiografia, Hesabu) na EGM (Uchumi, Jiografia, Hesabu) ambao wakiwa likizo wanatafuta mtu wa kuwanyoosha kwenye difarensiesheni na integresheni kabla ya mtihani wa Mei, na kwa ajili ya wazazi wao pia maana wao ndio wanaotoa hela. Mimi nilimaliza fomu siksi 2021, PCM, shule ya serikali ya wasichana, bweni, huko bara. Bila tuisheni niliyopata likizo ya Desemba 2020 sidhani kama ningesoma uhandisi. Ila ndani ya likizo hiyo hiyo nilipita kwenye tuisheni mbili, moja ilinijenga na nyingine ilinipa madesa tu, yani notisi za kukopi, na nataka nieleze tofauti yake vizuri kwa sababu naona watoto wengi wanapelekwa kwenye ile ya madesa na mzazi anaamini kashamaliza kazi yake.

Mwaka wetu ulikuwa na shida zake. Tuliingia fomu faivu Julai 2019, katikati ya Machi 2020 shule zikafungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, fomu siksi wakaitwa tarehe 1 Juni wajiandae na mtihani wao, sisi wengine tukarudi mwisho wa Juni. Yani zaidi ya miezi mitatu tuko nyumbani, na hicho ndicho kipindi ambacho ticha wa hesabu alitakiwa amalize difarensiesheni aingie integresheni. Tuliporudi akawa anakimbiza, na si kosa lake, alikuwa peke yake kwenye hesabu za advansi, ana sisi, ana EGM, ana wale wa BAM, hesabu nyepesi za wasiochukua hesabu za advansi. Kabla mwaka haujaisha akapata uhamisho. Tukabaki tunafundishana wenyewe kwenye prepu, aliyeelewa topiki anasimama mbele na chaki, asiyeelewa anakopi, na integresheni hakuna aliyekuwa ameielewa vya kutosha kusimama.

Kwa asiyeujua huu mtihani wa hesabu wa fomu siksi ngoja nieleze kidogo, itasaidia mbele. Kwetu ulikuwa na pepa mbili, kila moja masaa matatu. Pepa ya kwanza maswali kumi, yote lazima, kila swali maksi 10. Pepa ya pili sehemu A maswali manne ya lazima, maksi 15 kila moja, halafu sehemu B unachagua mawili kati ya manne, maksi 20 kila moja. Difarensiesheni ina swali lake pepa ya kwanza, integresheni ina lake, na difarenshoikwesheni, yani ikwesheni zenye deriveti ndani yake, zinakaa kule sehemu B. Ukihesabu hivyo utaona kalkulasi ni maswali matatu tu, mtu anajipa moyo kwamba ataziba kwingine. Sasa angalia hizo kwingine zenyewe. Numerikomethodi ukitumia njia ya Newton na Raphson lazima utafute deriveti kwanza, na ile ya trapezia na ya Simpson ni integresheni ileile inayofanywa kwa namba. Haipaboliki fankisheni watakuuliza udifarenshieti na uintegreti. Kodineti jiometri ukitafuta mstari unaogusa paraboli unarudi kwenye dy/dx. Kwahiyo aliyekosa kalkulasi hajakosa maswali matatu, kavuja kila mahali, na hilo nililiona kwenye matokeo ya mtihani wa ndani wa Novemba, darasa zima maksi zilikuwa zinapotea kwenye vipande vidogo vidogo ndani ya maswali ambayo kwa juu hayana jina la kalkulasi.

Nikarudi Dar Desemba, mama akanipeleka kituo kimoja cha tuisheni ambacho jirani alikisifia. Ada ya mwezi ilikuwa ndogo, na ticha alikuwa moto kweli, sisemi uongo. Anaingia na chaki, anaandika swali la pasti pepa, anashuka nalo ubao mzima bila kusita, anafuta, anaandika lingine. Mabenchi yamejaa, waliochelewa wamesimama dirishani na kaunta buku mkononi. Kila mtu anakopi. Akimaliza swali gumu watu wanapiga makofi. Nilitoka siku ya kwanza nikiwa na kurasa nyingi zimejaa kwa mwandiko mzuri na nikajisikia nimesoma.

Shida inaanza usiku. Unafunga daftari, unachukua swali lilelile, unaanza mwenyewe, mistari miwili mbele unakwama. Pale ubaoni kila mstari ulionekana unafuata wenyewe, sasa hivi haufuati. Na hauna wa kumuuliza, kesho yake ticha yuko swali lingine na nyuma yako kuna watu wengi, utanyoosha mkono useme nini, kwamba umekwama mstari wa tatu wa swali la jana? Kiukweli sehemu kama zile zinamfaa mtu ambaye tayari anaweza na anataka kuona aina nyingi za maswali kwa haraka. Mtu mwenye mashimo kama niliyokuwa nayo mimi anapata daftari zuri.

Mama ndio aligundua, na mama hajasoma hesabu hata ya fomu foo. Alikuwa ananiangalia usiku nakunja sura, akaniuliza, "Mwanangu, huyo mwalimu anakufundisha wewe au anafundisha ubao?" Nikakosa jibu. Wiki hiyo hiyo akaongea na mama mmoja tunayesali naye, ana kijana anasoma uhandisi ujenzi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa mwisho, anakaa mtaa wa pili. Wakakubaliana elfu kumi kwa kipindi cha masaa mawili. Hela hiyo kwetu ilikuwa kubwa, mama ana genge, nilijua kabisa kila kipindi kimetoka kwenye nyanya na vitunguu. Akaweka na sharti lake, tunasomea barazani, meza nje, yeye yuko hapohapo anachambua mchicha. Kijana alikuwa na heshima zake na hakuhitaji kulindwa, ila mzazi mwenye binti anayetafutiwa mwalimu wa nyumbani, fanya kama mama, panga hivyo tangu siku ya kwanza na mtu mwenye nia njema hatakasirika.

Sasa huyu kaka, nitamwita Ticha tu maana ndivyo nilivyomwita, siku ya kwanza hakunifundisha kalkulasi kabisa. Alikuja na karatasi aliyoandika kwa mkono, imejaa vitu vya fomu foo na mwanzo wa fomu faivu. Sehemu juu ya sehemu, irahisishe. Kamilisha skwea. Toa ln kwenye hii ikwesheni ubaki na y. Andika cos 2x kwa njia tatu. Gawanya hii polinomia. Akaniambia fanya, akakaa kimya, akawa ananiangalia mkono. Haangalii jibu, anaangalia mkono, na kila nikisita anaweka kialama kidogo kwenye daftari lake. Mwisho akanionyesha zile alama akasema, "Mdogo wangu, fomula za kalkulasi unazijua, umezikariri zote. Unaangukia kwenye aljebra, na hakuna fomula ya integresheni itakayokusaidia kama hauwezi kugeuza sehemu mbili zikawa moja."

Nitaonyesha alichomaanisha kwa swali moja, kwa sababu bila mfano hii habari inabaki maneno. Kituoni walitufundisha kwamba ukikuta 1 juu ya kitu chenye cos x na namba, weka t = tan ya nusu ya x. Sawa. Ticha akaniwekea: integreti 1 juu ya (5 + 4cos x). Nikaandika t = tan(x/2), nikaandika cos x = (1 − t²)/(1 + t²), nikaandika dx = 2dt/(1 + t²). Mpaka hapo safi, hivyo ndivyo ilivyo kwenye desa. Halafu nikaingiza, chini ikawa 5 + 4(1 − t²)/(1 + t²), na mkono ukasimama.

Hakuchukua kalamu. Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote ninayoandika hapa, huyu mtu likizo nzima hakuwahi kunishikia kalamu. Akauliza tu, "Hiyo 5 ukitaka ikae nyumba moja na hiyo nyingine utaiandikaje?" Nikafikiri. Nikaandika 5(1 + t²) juu ya (1 + t²). "Endelea." Juu ikawa 5 + 5t² + 4 − 4t², yani 9 + t². Chini 1 + t². Sasa dx nayo ina 1 + t² chini yake, zinakatana, unabaki na 2 juu ya (9 + t²), na hiyo mtoto yeyote wa fomu siksi anaijua, ni tan invesi. Jibu theluthi mbili ya tan invesi ya (tan(x/2) gawanya kwa 3), jumlisha C. Nilikaa nikaliangalia lile swali. Kalkulasi yenyewe ni mstari wa kwanza na wa mwisho, katikati yote ni hesabu za kujumlisha sehemu, na hapo katikati ndipo nilipokuwa nakufa kila siku nikidhani integresheni ni ngumu.

Akanifundisha na kujikagua. Chukua kalkuleta, weka kwenye radiani, iambie iintegreti ile fankisheni kuanzia 0 mpaka nusu ya pai, itakupa kama 0.2145. Sasa ingiza nusu ya pai kwenye jibu lako, tan ya robo ya pai ni 1, kwahiyo unatafuta theluthi mbili ya tan invesi ya theluthi moja, inatoka 0.2145 vilevile. Ukiwa umesahau kalkuleta kwenye digrii namba zitakataa na utaanza kutafuta kosa ambalo halipo, kwahiyo angalia juu ya skrini kabla hujaanza. Tangu siku hiyo sikumuuliza tena mtu kama jibu langu la integresheni liko sawa. Kwa mtoto anayerudi bweni ambako hakuna ticha wa hesabu, uwezo wa kujikagua mwenyewe ni mali kuliko daftari lolote.

Vipindi viliendelea hivyo. Nikifika difarensiesheni hakuanza na fomula, alinirudisha festi prinsipo, akanipa skwearuti ya x. Unaandika ruti ya (x + h) toa ruti ya x, yote juu ya h, h inaelekea 0. Ukiweka h = 0 saa hiyo hiyo unapata sifuri juu ya sifuri. "Sasa utafanyaje hiyo h ya chini iondoke?" Kimya. Anasubiri. Nilikuja kuujua huo ukimya wake, mwanzoni ulikuwa unaniumiza, nilikuwa nataka aseme tu, mtu analipwa elfu kumi anakaa kimya dakika nzima mama naye anasikia. Baadaye nikaelewa kwamba hapo ndipo hela inapofanya kazi. Nikakumbuka kuzidisha juu na chini kwa zile ruti zikiwa na alama ya kujumlisha, juu ikabaki h, zikakatana, ikabaki 1 juu ya mara mbili ya ruti ya x. Na kwa sababu nilikumbuka mwenyewe sijaisahau mpaka leo.

Siku ya difarenshoikwesheni nitaieleza kwa urefu maana mama aliingia darasani. Ilikuwa mchana, joto la Desemba la Dar mnalijua, mama kaleta chai na vitumbua. Ticha akaisogeza chai pembeni akasema tuseme hii chai ina digrii 80, hapa barazani pana digrii 30, baada ya dakika kumi chai imefika 60. Baada ya dakika kumi nyingine itakuwa ngapi? Mama akajibu kutoka kwenye mchicha wake, arobaini, si imeshuka ishirini itashuka ishirini tena. Ticha akacheka vizuri tu akamwambia shikamoo mama, jibu hilo hata chuoni wapo wanaolitoa, hebu tumwachie mdogo wangu aandike.

Chai inapoa kwa kasi inayotegemea imezidi joto la hewa kwa kiasi gani. Ikiwa moto sana inashuka haraka, ikikaribia hewa inashuka taratibu. Kwa hesabu ni dT/dt = −k(T − 30), T ni joto la chai, t ni dakika, k ni namba isiyobadilika. Unatenganisha, T zote upande mmoja, t upande mwingine, unaintegreti, unapata ln(T − 30) = −kt + C. Hapo akanisimamisha. "Hiyo C ina kazi gani?" Mimi C nilikuwa naiweka kwa sababu tuliambiwa usipoiweka unakatwa maksi. Akasema angalia mwanzoni, t ikiwa 0 chai ni 80, ingiza. C inatoka ln 50. Na hiyo 50 ni nini? Ni chai ilivyozidi hewa mwanzoni, 80 toa 30. Bila C hauna chai, una ikwesheni ya chai yoyote duniani. Ikawa T − 30 = 50 mara e ya −kt. Dakika ya kumi T ni 60, kwahiyo 30 = 50 mara e ya −10k, e ya −10k ni tatu ya tano. Nikashika kalkuleta nitafute k. "Iache. Dakika ya ishirini unahitaji e ya −20k. Si ni hiyo hiyo ikijizidisha yenyewe?" Tatu ya tano mara tatu ya tano ni tisa ya ishirini na tano, mara 50 ni 18, ongeza 30, jibu 48.

Mama akasimama akaja kuangalia daftari. Akauliza ya dakika thelathini, nikamwambia 40 na nukta nane, akasema kumbe ndio maana chai ikishaanza kupoa inakaa vuguvugu muda mrefu. Ticha akasema mama umeshafaulu. Tangu siku hiyo mama hakuuliza tena kama elfu kumi inaenda bure.

Kitu kingine alichonionyesha ambacho nashangaa mpaka leo watoto wengi hawakitumii ni zile ripoti za NECTA, Baraza la Mitihani, za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Ziko kwenye tovuti yao, bure, kila somo, unapakua. Wanapita swali kwa swali, wanaeleza watahiniwa walifanyaje, na wanaweka picha za majibu halisi ya mkono ya watahiniwa, aliyepata na aliyekosa. Ticha alipiga chapa za Advanced Mathematics za miaka michache nyuma. Alikuwa anaziba maelezo ya chini kwa kipande cha karatasi, ananiachia ile picha ya jibu la mtahiniwa, ananiambia, "Sahihisha." Natafuta mstari alipopotelea, naandika kwanini, afu anatoa karatasi tunaangalia waliosahihisha walisemaje. Zoezi hili lilinibadilisha kuliko maswali mengi niliyofanya. Unaona mtu ametumia cheni ruli akasahau kuzidisha deriveti ya ndani, unaona mwingine amebadilisha x kuwa u lakini kaacha mipaka ya integresheni ileile ya x, unaona mwingine kazi nzuri yote lakini alama ya kutoa imeanguka njiani. Na ukishaona kwa wenzio unaanza kuona kwako kabla haujaandika.

Mwisho wa likizo tukaanza saa. Masaa matatu ni dakika 180, maksi 100, kila maksi moja ni dakika moja na nukta nane. Swali la maksi 10 ni dakika 18, la 15 ni dakika 27, la 20 ni dakika 36. Anaweka simu mezani inahesabu, dakika ya 18 ananifungia daftari hata kama nimebakiza mstari. Nilikuwa nachukia hilo kweli. Ila siku ya pepa kuna watu wazuri tu kuliko mimi waliacha maswali mawili matupu kwa sababu walikaa na swali moja la integresheni nusu saa wakibishana nalo, na kwenye pepa ya kwanza maswali mawili matupu ni maksi 20 umeziacha mezani.

Nikarudi shule Januari. Simu haziruhusiwi, kwahiyo kila nilichopata kilikuwa ndani ya kaunta buku moja na zile ripoti zilizopigwa chapa, na zile ripoti zilizunguka bweni zima mpaka zikachanika pembeni tukazibandika na soliteipu. Tukaunda kikundi cha prepu. Niliwawekea sharti la Ticha, anayefundishwa ndiye anayeshika kalamu, anayefundisha anauliza tu. Ilikuwa vigumu sana kuzoea, maana kipanga wa darasa, yule anayefaulu sana, akiona mwenzie anakosea mkono unamwasha, anataka kuandika yeye. Tulikuwa tunakumbushana, "Mrudishie kalamu." Na nikagundua kumbe kuuliza swali zuri bila kutoa jibu ni kazi, lazima wewe mwenyewe ujue mtu amekwamia wapi, siyo swali linaisha vipi. Mwenzangu mmoja alikuwa anaogopa integresheni bai patsi, tukakuta tatizo lake ni kuchagua kipi kiwe u, na hakuwa amewahi kuambiwa kwamba unachagua kile ambacho ukikidifarenshieti kinazidi kuwa chepesi. x mara e ya x, x inakuwa 1, imeisha. Akichagua kinyume swali linazidi kukua. Alijaribu njia zote mbili kwa mkono wake, akaona, hofu ikaisha usiku uleule.

Moku, mtihani wa majaribio, ilipokuja darasa letu lilipanda, siyo wote, kuna waliobaki palepale maana mashimo yao yalikuwa ya chini zaidi na muda ulikuwa umeisha, na hilo liliniuma kwa sababu walikuwa wanakesha kama sisi. Mimi mtihani wa mwisho nilipata B ya hesabu. Uhandisi unataka ufaulu unaohesabika kwenye Advanced Mathematics na Fizikia, kwahiyo mlango ulifunguka, na mwaka wa kwanza chuoni ile kalkulasi ya barazani ndiyo iliyonibeba maana pale wanaanza mbio tangu wiki ya kwanza.

Siku hizi wikiendi nafundisha watoto wa watu, wachache, na maswali ya wazazi yanafanana. Bei gani? Nawaambia bei yangu, lakini nawaambia pia kabla hujamlipa mtu yeyote kaa naye kipindi cha kwanza na uangalie kalamu iko kwa nani. Hauhitaji kujua hesabu kuona hilo. Kama mwalimu ndiye anaandika na mtoto anaitikia "nimeelewa", hela yako inanunua desa. Wanauliza pia ni topiki gani nianze nayo, nawaambia sijui mpaka nimuone anaandika, na wengine wanaona hilo ni jibu la mtu asiyejua kazi yake, wanaenda kwa mwenye ahadi ya kumaliza silabasi yote ndani ya mwezi. Sibishani nao. Ila naumia nikimkuta mtoto mwezi wa tatu ana madaftari matatu ya tuisheni yamejaa na hawezi kukamilisha skwea.

Na wapo wanaopiga simu Aprili, mtihani uko wiki chache mbele. Hao siwakatai. Aprili siendi topiki mpya, sigusi integresheni ya kutafutana nayo. Namuuliza mtoto maswali gani anapata nusu, siyo yale asiyoyajua kabisa, yale anayoyapata nusu, maana maksi za haraka ziko hapo. Tunachukua ripoti ya NECTA na saa ya simu, dakika 18 kwa swali, anaandika, nanyamaza, na kila akisita naweka kialama kwenye daftari langu.